Rasimu ya Tatu

Miaka kumi na tisa nilitengeneza karatasi.
Naijua kwa uzito, kwa unyevu, kwa mlio wake
ikikatika saa nane za usiku kwenye mashine namba nne
nasi tukiikimbilia kama ng'ombe aliyekata kamba.
Hakuna aliyewahi kuniambia niandike juu yake.

Sasa ni Jumanne, chumba namba 114,
kaskazini mwa Minnesota, theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha.
Nina miaka arobaini na mitatu. Kiti kimeungana na meza
kama kiti cha mtoto wa kulishwa uji,
na tumbo langu halikushauriwa.

Bi. Thao anaandika ubaoni: wazo kuu.
Chini yake: ushahidi. Chini yake: kisha iweje?
Hilo la tatu hutuuliza kila tukifungua mdomo.
"Kiwanda kilifungwa." Kisha iweje?
"Watu wakahama." Kisha iweje?
Nilitaka kumjibu: kisha nikaja hapa, mama,
nikakaa kwenye hiki kiti.

Rasimu ya kwanza niliiandika usiku mmoja, jikoni,
mashine ya kufua ikinisindikiza.
Nilianzia kuumbwa kwa ulimwengu.
"Tangu enzi na enzi, binadamu amekuwa akihitaji viwanda."
Nikaweka aidha, nikaweka vilevile, nikaweka hali kadhalika,
nikapigilia misumari hata mbao hazionekani.
Maneno mia saba. Nikalala usingizi wa aliyelipa deni.

Ikarudi na mstari mmoja wa penseli
ukingoni mwa ukurasa wa pili, karibu na mwisho:
"Arvid, insha yako inaanzia hapa."
Yaani yote ya juu yake yalikuwa kukohoa
kwa mtu anayesubiri kuitwa jina.

Rasimu ya pili nilikata. Kukata nakujua.
Nilikata mpaka ikabaki mifupa,
na mifupa yenyewe haikuwa ya mtu yeyote.

Alhamisi tukabadilishana kazi.
Yangu ikamwangukia Brynn, miaka kumi na minane,
kucha za zambarau, hukaanga donati kuanzia saa kumi alfajiri.
Yake ilimhusu bibi yake na mtungi wa oksijeni;
niliisoma nikaandika "nzuri," kama mwoga.
Yeye aliisoma yangu mara mbili. Akazungushia duara
"Jora la mwisho la karatasi lilitoka tarehe kumi na moja,"
na pembeni, kwa mwandiko wa mviringo:
"Wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Nikakaa ndani ya gari, injini inanguruma,
kioo kimeganda barafu, sioni mbele.
Nilikuwa nimesimama upande wa mkaushio.
Wenzangu walitia saini kwenye lile jora kwa kalamu nene:
Leroy, Dagny wa maabara,
hata meneja aliyekwepa macho yetu wiki nzima.
Kalamu ikanifikia. Nikampa aliyefuata.
Nikasema mikono yangu ina grisi.
Haikuwa na grisi.

Hata mke wangu sikumwambia.
Nikaliandika nyuma ya risiti ya petroli,
kisha jikoni, kisha upya, kisha upya tena,
nikilihamisha lile neno la grisi
toka mwanzo hadi mwisho, toka mwisho hadi katikati,
kama mtu na kabati lisilopita mlangoni,
mpaka Karin akauliza kutoka chumbani
ninagombana na nani saa hizi.

Leo insha imerudi. B, na kijumlisha kidogo
kama kilichoongezwa mkono ukiwa mlangoni.
Ukurasa wa tatu amenitilia mkato:
"Vuta pumzi hapa, tafadhali."
Na mwisho kabisa, kama nilivyojua,
kisha iweje?

Sina jibu.
Karatasi ni ya gramu sabini na tano, imetoka ng'ambo,
laini kupita kiasi. Nimeipapasa kwa kidole gumba,
nikautambua upande uliolalia waya.
Nimeigeuza.
Nyuma hakuna kitu. Nimeazima penseli kwa Brynn.